Wakaguzi wakija zahanati, msiazime mashine ya presha

Mashine yenyewe ilikuja kwa boda, imefungwa ndani ya khanga, kutoka zahanati ya ng'ambo ya korongo. Safari hiyo hiyo ilileta taa ya kuchunguzia wagonjwa na mizani ya kuning'iniza watoto, maana ya kwetu ilikuwa imekatika tukaishikiza kwa kamba ya mgomba. Wakaguzi walifika kesho yake asubuhi, wakatazama, wakaandika. Kwenye kipengele cha vifaa tulipata alama ambazo hatujawahi kupata. Wakanywa chai kwa ndizi za kuchemsha, wakaaga. Jioni boda akarudisha vitu vya watu.

Miezi mitatu baadaye tukaandika barua kuomba mashine ya presha, kwa sababu wazee wetu huku juu wanashuka hadi mjini Moshi kwenda kupimwa tu, nauli kwenda na kurudi. Jibu lilikuwa fupi: kwa mujibu wa taarifa ya ukaguzi, zahanati yenu inayo mashine ya presha inayofanya kazi. Niliisoma ile barua mara mbili, nikaikunja, nikaitia kwenye pochi. Mimi ndiye niliyempigia boda simu.

Nimefundisha shule ya msingi miaka 34, hesabu na Kiswahili. Tangu nistaafu nipo kwenye kamati ya usimamizi wa zahanati ya kijiji chetu, muhula wa kwanza mjumbe, sasa mwenyekiti. Haya ninayoyaandika ni kwa wenzangu mliochaguliwa majuzi kwenye kamati kama hizi, mkapigiwa makofi, mkapewa daftari, na hakuna aliyewaambia mfanye nini siku gari la serikali likisimama getini.

Ujue ni nani amekuja

Kijijini kila anayeshuka kwenye Land Cruiser ni "mkaguzi". Sivyo, na ukiwachanganya utapeleka kilio chako kwa mtu ambaye hawezi kukifuta.

Wanaokuja mara nyingi ni timu ya afya ya halmashauri, kwa kazi inayoitwa usimamizi shirikishi. Hawa hupaswa kupita kila robo mwaka. Kazi yao si kutoa alama, ni kukaa na watumishi, kuona wanavyofanya kazi na kuwaelekeza palipopinda. Maoni yao huandikwa kwenye kitabu kinachobaki zahanati. Muulize mganga mfawidhi, yaani mkuu wa zahanati, ambaye sisi humwita Dokta, kitabu hicho kiko wapi. Cha kwetu nilikikuta kimewekwa chini ya mguu wa meza iliyokuwa inayumba.

Halafu kuna tathmini ya nyota. Hii ilianza mwaka 2015/16 ikarudiwa 2017/18, na katika mzunguko ule wa kwanza kama theluthi moja ya vituo vya ngazi ya msingi nchini viliambulia nyota sifuri. Nyota ni kuanzia sifuri hadi tano, na hutokana na maeneo 12. Watu wengi wanadhani wanaangalia majengo na dawa tu. Wanaangalia pia kama zahanati ina usajili, kama takwimu zake zinatumika kupanga kazi, kama utendaji wa watumishi unapimwa, jinsi dharura na rufaa zinavyoshughulikiwa, jinsi maambukizi yanavyozuiwa, na, hapa ndipo ninyi mnapoingia, jinsi kituo kinavyowajibika kwa jamii. Eneo hilo Dokta hawezi kulijaza peke yake hata awe hodari vipi. Wanataka kuona mihtasari ya vikao vyenu. Kama hamjakaa mwaka mzima, mnamwangusha.

Wa tatu ni wakaguzi wa hesabu: mkaguzi wa ndani wa halmashauri, na wale wa Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, CAG. Zamani zahanati ndogo haikuwa na la kujibu sana mbele yao kwa sababu fedha zilikaa halmashauri. Kuanzia mwaka wa fedha 2017/18 fedha za Mfuko wa Pamoja wa Afya, unaochangiwa na wafadhili, zinaingia moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo, kwa hiyo hata zahanati yenye vyumba vinne ina kitabu cha fedha cha kuonyesha. Na matumizi yake hupangwa na kamati. Usikubali kusaini muhtasari wa kikao ambacho hukukaa, hata ukiambiwa ni "kuweka mambo sawa tu". Mkaguzi wa hesabu husoma sahihi kwanza, sababu baadaye.

Wengine, kama madiwani wa Kamati ya Elimu, Afya na Maji, hupita kwa ziara. Wapokeeni vizuri, waonyesheni choo.

Kwa kila atakayekuja, maswali yangu ni yale yale mawili na huuliza kabla hajakaa: taarifa yenu inakwenda kwa nani, na nakala yetu tutaipata lini? Mwanzoni Dokta alikuwa anaona aibu nikiuliza. Siku hizi ananikumbusha.

Kabati la dawa, wiki moja kabla

Hapa ndipo ninapotumia muda mwingi, na nawashauri nanyi mfanye hivyo. Mengine yote mtu anaweza kuyapamba, dawa zinahesabika.

Hauhitaji kuwa muuguzi. Unahitaji kujumlisha na kutoa. Kaa na mganga mfawidhi, fungueni leja ya dawa, mchague tano tu. Mimi huchagua moja ya watoto, moja ya wajawazito, moja ya wazee, dawa mseto ya malaria, na moja ambayo wanakijiji wamelalamika kwamba "haipo kila siku". Kisha fanyeni hesabu ambayo mtoto wa darasa la nne anaiweza: salio la mwanzo wa robo, ongeza zilizopokelewa, toa zilizotolewa. Jibu lifanane na kilichopo kabatini.

Mara ya kwanza tulipofanya hivi, vidonge vya amoksilini vya watoto vilianza na salio 1,000. Vikapokelewa 2,000. Vilivyoandikwa kuwa vimetolewa ni 2,340. Leja ilisema 660. Tulihesabu kabatini kwa mikono yetu, tukimwaga kwenye trei na kurudisha, tukapata 410. Vidonge 250 hewani.

Wajumbe wawili walishaanza kutazamana. Ukweli ulikuwa kwamba muuguzi alibeba dawa kwenye huduma ya mkoba, kule kitongoji cha juu ambako watoto wengi walikuwa na nimonia msimu wa baridi, akagawa, akaandika kwenye daftari lake dogo, akasahau kuhamishia kwenye leja. Daftari lilikuwepo, majina yalikuwepo, ukijumlisha unapata 250 kamili. Tuliandika kwenye muhtasari: tofauti imeonekana, sababu ni hii, ushahidi ni huu, tarehe. Mkaguzi alipokuja akaikuta tofauti ile, tukamwonyesha muhtasari, akaguna, akaendelea na dawa nyingine. Bila muhtasari ule angeandika "upotevu", na neno hilo likishaingia kwenye taarifa humng'ang'ania mtumishi kama majani ya kunata.

Tazameni pia tarehe za kuisha muda. Huku kwetu juu baridi ni kali na malaria ni kidogo, kwa hiyo dawa mseto zilikuwa zinatuishia muda zikiwa kwenye maboksi, na wakati huo huo hatuna dawa za presha, ugonjwa ambao kila nyumba ina mzee anayeuumwa. Hiyo nayo ni hoja ya kumweleza mkaguzi, na ni hoja nzito kuliko "dawa hazitoshi", maana inaonyesha kinacholetwa na kinachotakiwa havifanani. Andikeni dawa gani, ngapi, na ziliisha muda lini. Dawa zilizopitwa na wakati zitengwe, ziwekewe maandishi, ziorodheshwe. Msizitupe kwenye shimo ili kabati lionekane safi. Tulishafanya hivyo pia. Naona haya kusema, lakini tulifanya.

Na kama dawa haipo, tafuteni karatasi zinazoonyesha safari yake. Zahanati iliagiza lini? Bohari ya Dawa, ambayo ina kanda yake hapa Moshi, ilijibu nini? Kama Bohari haikuwa nayo, je, mliomba kununua kwa Mshitiri, yule muuzaji binafsi aliyeteuliwa kujaza pengo la Bohari? Mara nyingi mnakuta dawa haipo kwa sababu hakuna aliyeagiza. Hapo msimlaumu aliye Dar es Salaam.

Friji, vitabu na kisanduku

Friji ya chanjo hutakiwa iwe kati ya nyuzi 2 na 8, na joto lisomwe mara mbili kwa siku na kuandikwa kwenye chati. Mwaka mmoja niliitazama chati yetu, nikaona asubuhi nyuzi 5, jioni nyuzi 5, mwezi mzima, mstari umenyooka kama rula. Nikaona pia imejazwa hadi tarehe 31. Mwezi ulikuwa Februari.

Hatukupiga kelele. Nilimwomba muuguzi aniambie umeme ulikatika lini mwezi ule, akataja siku tatu bila kufikiri. Nikamwambia, basi siku hizo tatu ndizo ninazotaka kuziona kwenye chati, hata zikisema 11, pamoja na alichofanya kuokoa chanjo. Chati inayopanda na kushuka inaaminika. Iliyonyooka hata mkaguzi mchovu huishtukia.

Vitabu vya MTUHA, yaani vya takwimu za huduma za afya, havihitaji utaalamu pia. Kitabu namba 5 ni cha wagonjwa wa nje, namba 12 ni cha wazazi wanaojifungua. Fanyeni jambo dogo: chukueni mwezi mmoja, hesabuni mistari kitabuni, mlinganishe na idadi iliyopelekwa kwenye ripoti ya mwezi. Mkikuta kitabu kina akina mama 9 na ripoti ina 14, kuna shida, na ni afadhali muione ninyi kabla ya mgeni. Msisome majina wala magonjwa ya watu. Kamati huhesabu mistari, siri za wagonjwa hazituhusu. Mjumbe mmoja tulimwondoa kwa sababu ya jambo hilo na sitaki kusema zaidi.

Kisanduku cha maoni: tafuteni ufunguo. Chetu kilikaa na kufuli iliyoshika kutu muda mrefu. Siku tulipokivunja mbele ya mtendaji wa kijiji tulikuta karatasi tatu. Moja ilisema choo cha wanawake hakina mlango. Ya pili ilimshukuru muuguzi wa usiku. Ya tatu ni mtoto amechora gari. Zote tatu tuliziingiza kwenye kumbukumbu, na mlango wa choo ulipatikana ndani ya wiki mbili kwa sababu fundi ni mjumbe wa kamati na alikuwa hajui.

Wazee, na yule mtu wa ustawi wa jamii

Wakaguzi wakimaliza dawa, wengi hufunga mafaili. Wakumbusheni upande wa ustawi, kwa sababu huo hauna kabati la kufungua na ni rahisi kurukwa.

Kuna jambo linachanganya watu na linaleta ugomvi dirishani kila wiki. Sera inasema mzee ni mwenye miaka 60 na kuendelea, na wazee wasio na uwezo watibiwe bure, kama ilivyo kwa wajawazito na watoto wa chini ya miaka mitano. Neno "wasio na uwezo" watu hulimeza. Babu mwenye kihamba kikubwa, yaani shamba la migomba na kahawa la ukoo, ng'ombe watatu na mtoto Marekani anafika anagonga dirisha kwa fimbo: mimi ni mzee, bure. Nyuma yake amesimama bibi anayeishi na wajukuu wawili kwenye chumba cha udongo, hana karatasi yoyote, anatoa noti aliyoifunga kwenye pindo la khanga na analipa kimya kimya. Anayejua kupiga kelele ndiye anayesamehewa.

Kwa hiyo kabla ya ukaguzi fanyeni hivi. Ombeni serikali ya kijiji orodha ya wazee waliotambuliwa kuwa hawana uwezo. Ombeni zahanati daftari la misamaha ya robo iliyopita, mkiwa na Dokta. Wekeni orodha mbili pamoja. Sisi tulipofanya hivyo tulikuta majina kumi na moja yaliyosamehewa ambayo hayamo kwenye orodha ya kijiji, na zaidi ya nusu ya waliomo kwenye orodha hawajawahi kukanyaga zahanati. Wengine hawakujua wametambuliwa. Mmoja alikuwa ameshafariki na jina lake bado lilikuwa linatibiwa.

Pelekeni matokeo hayo kwa ofisa ustawi wa jamii, kwa maandishi, kabla ya wakaguzi kufika, na mbaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Mkaguzi akiuliza, hamsimulii, mnaonyesha. Ofisa huyo mara nyingi ni mmoja kwa kata kadhaa, hana pikipiki, na mkimsubiri aje mwenyewe mtazeeka. Mfuateni.

Kuhusu TASAF, mfuko wa serikali unaosaidia kaya maskini, nitasema moja tu: siku majina ya walengwa yanaposomwa kuhakikiwa, muwepo. Jina likishapita bila mtu kunyanyua mkono, kulirudisha ni safari ndefu.

Siku yenyewe

Msifanye sherehe. Chai, ndizi, basi. Niliwahi kusikia kamati imechinja mbuzi. Sijui walimwandika kwenye kifungu gani.

Wajumbe wawili au watatu wanatosha, mmoja wao awe mwanamke aliyejifungulia hapo hapo ndani ya mwaka. Atajibu kuhusu chumba cha kujifungulia kwa namna ambayo hakuna mwanamume wa kamati anaweza kuiga. Mkiulizwa jambo msilolijua, semeni hatujui, tutamwuliza fulani. Msimjibie mganga na msimkatize akijibu. Na kama kitu hakipo, kiacheni pengo lake lionekane. Meza ambayo ingekaa mashine ya presha ikae tupu.

Kisha kuna kikao ambacho wengi huondoka kabla hakijaanza, kikao cha majumuisho. Wakaguzi wakimaliza kuzunguka huketi na uongozi wa kituo kusema walichoona. Hapo ndipo kamati inapokula mshahara wake, ambao haupo. Mimi hushika kalamu nikasikiliza mapendekezo yanavyotamkwa, kwa sababu yakitamkwa vibaya hayatekelezeki. Wakisema "zahanati iboreshe udhibiti wa taka", nanyoosha mkono kama mwanafunzi: tuboreshe nini hasa? Nani afanye? Ifikapo lini? Kwa fedha ipi? Mara moja sentensi ile iligeuka ikawa "mganga mfawidhi na kamati waweke mlango na uzio kwenye kichomea taka ifikapo tarehe 30 Juni kwa fedha za kituo". Hiyo unaweza kuibeba ukaenda nayo kwa fundi.

Msiwaruhusu waondoke na kila kitu kwenye kishikwambi chao. Ombeni mwandike muhtasari wa kikao hicho, wote wasaini, mpige picha kwa simu. Kishikwambi huondoka nao, karatasi ndiyo inayobaki nanyi.

Baada ya vumbi la gari kutua

Wengi huishia hapa. Taarifa inashuka kwenye faili, faili inapanda kabatini, mwaka unaofuata mkaguzi mwingine anaandika maneno yale yale.

Sisi tuna karatasi ya manila ukutani, chumba cha kusubiria. Imegawanywa safu nne: kilichoonekana, anayehusika, tarehe, hali. Tunaandika kwa kalamu nene ya bluu. Kilichotekelezwa tunapiga mstari. Akina mama wakisubiri kupima watoto wanaisoma, na hakuna mtumishi wala mjumbe anayependa jina lake likae hapo miezi sita bila mstari. La kwangu lilikaa miezi minne.

Mapendekezo yanayohitaji fedha za juu yana majira yake, kama kahawa. Mwaka wa fedha wa serikali huanza tarehe 1 Julai, lakini mipango hupikwa mapema. Kwetu, kitu ambacho hakijaingia kwenye mpango wa zahanati kufikia Januari hukikuti kwenye bajeti. Kwa hiyo taarifa ya ukaguzi ikitoka Agosti, ipelekeni kwenye kikao cha kamati cha kupanga, andikeni "kwa kuzingatia taarifa ya ukaguzi ya tarehe fulani, kipengele fulani", ndipo iingie kwenye mpango wa zahanati na baadaye mpango kabambe wa afya wa halmashauri. Ombi lenye tarehe ya ukaguzi nyuma yake ni gumu kukataa. Lisilo nayo ni malalamiko.

Isomeni pia kwenye mkutano mkuu wa kijiji, ambao unapaswa kufanyika kila miezi mitatu. Dakika kumi zinatosha. Mpeni diwani nakala mkononi mbele za watu.

Mkinyimwa nakala, andikeni barua. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa mwananchi haki ya kuomba taarifa kwa maandishi, na mwenye taarifa anatakiwa kujibu ndani ya siku 30. Barua yangu ya kwanza ilikuwa na mistari mitano: mimi ni nani, nataka taarifa ipi ya tarehe ipi, nataka nakala, anwani yangu, asante. Niliiandika tarehe, nikaigongesha muhuri masjala, nikaizungushia siku ya 30 kwenye kalenda ya jikoni. Nakala ilikuja siku ya 26.

Ripoti za CAG nazo msiogope. Hukabidhiwa Rais kufikia mwisho wa Machi, kisha huwasilishwa bungeni, na baada ya hapo ziko wazi kwa kila mtu. Ni ndefu. Mwombe kijana mwenye simu nzuri aipakue iliyo juu ya serikali za mitaa, atafute jina la halmashauri yenu, asome kurasa hizo tu. Tahadhari moja. Mkiona halmashauri imepata hati safi, msidhani dawa zimejaa. Hati safi inasema hesabu zimeandaliwa na kuonyeshwa inavyotakiwa. Haisemi bibi amepata kidonge. Mimi huruka moja kwa moja kwenye sehemu inayoonyesha mapendekezo ya miaka ya nyuma, yapi yametekelezwa na yapi bado. Hapo ndipo unaona nani husikia na nani hujifanya kiziwi.

Ukaguzi uliofuata wa kwetu ulikuja wakati wa masika. Gari lilikwama kwenye tope karibu na mtaro, vijana wakalisukuma, wakaguzi wakaingia na viatu vya udongo mtupu. Tuliwaonyesha meza tupu. Nikawaeleza pia habari ya mara iliyopita, boda na khanga, maana nilishachoka kuibeba. Mmoja alicheka, mwingine hakucheka, akaandika muda mrefu. Alama za vifaa zilishuka na Dokta hakunisemesha siku mbili.

Mashine ya presha ilipangwa kwenye bajeti iliyofuata na ikaletwa Septemba, boksi limefungwa vizuri, ndani hakuna betri. Tulinunua nne sokoni Mbuyuni kwa fedha za kituo, risiti tumeibandika, zimo kwenye leja.